Mbuzi wa maziwa: ninachokiona kwa mbuzi wangu wanne, Mgeta (uzi mrefu, maswali karibuni)

Mama Kiwele (mwanzisha uzi)

Wadau habari za leo. Kila baada ya siku chache kuna mtu anauliza humu kama mbuzi wa maziwa analipa, na anajibiwa kwa hesabu za kwenye karatasi: mbuzi kumi, lita tatu kila mmoja, zidisha siku, zidisha bei, unajenga nyumba. Mara chache sana anajibiwa na mtu aliyeamka kukamua. Naomba leo nijibu mimi.

Nafuga Mgeta, upande wa Nyandira, kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Nina majike wanne, watatu damu ya Norwe na mmoja amechanganya na Saanen, aina ya mbuzi weupe wa maziwa kutoka Uswisi. Huku kwetu mbuzi hawa si wageni. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiliwapokea kutoka Norwe mwaka 1983, na mwaka 1988 wakaanza kupandishwa milimani kwetu. Aliyewahi kufika Mgeta anajua kwa nini ilikuwa mbuzi na si ng'ombe. Mashamba yamelala kwenye mteremko, kabichi inalimwa mahali ambapo wewe mgeni unaogopa hata kusimama. Ng'ombe utamweka wapi? Watu walikuwa wanakula mboga nzuri kuliko Dar es Salaam nzima, lakini mtoto akiachishwa ziwa la mama, maziwa yamekwisha.

Sasa maziwa. Jike wangu bora alifika lita 2 na nusu kwa siku, wiki ya sita baada ya kuzaa. Kuanzia hapo maziwa hupungua taratibu mpaka unamkausha. Aliye dhaifu kuliko wote hajawahi kuvuka lita 1 na robo. Kwa kuwa karibu siku zote mmoja amekaushwa, kwa kawaida natoa lita 4 kwa siku kwa mbuzi watatu. Mtu akikwambia mbuzi wake anatoa lita 4 peke yake, inawezekana, Saanen aliyelishwa vizuri anazifikisha. Lakini muulize: ilikuwa siku ya ngapi tangu azae? Anakula pumba na mashudu kiasi gani? Mtoto wake ananyonya wapi?

Maziwa ya mbuzi hutoka kwenye panga na ndoo ya maji kabla hayajatoka kwenye kiwele. Saa 11 alfajiri nakamua, saa 1 niko bondeni nakata mabingobingo. Nachanganya na majani ya viazi vitamu, mforosadi, na mabua ya njegere zikishavunwa. Majani ya nje ya kabichi huku ni mengi, lakini nawapa baada ya kukamua na kwa kiasi, yakizidi maziwa yanachukua harufu yake. Mbuzi anayekamuliwa anakunywa maji mengi kuliko watu wanavyofikiri. Siku bomba lilipokatika kwetu, jioni yake ndoo ilirudi nusu. Jiwe la chumvi lipo bandani muda wote.

Ninachotaka kusema kabla hamjauliza: mbuzi huyu ni wa mtu aliye nyumbani. Kama hukai naye, usimnunue.

Kijana wa Mbezi

Shikamoo mama. Nina ekari 2 Bagamoyo, nataka kuanza na Saanen 20. Mimi niko Dar Jumatatu hadi Ijumaa, nitaweka kijana wa kuwaangalia. Nipe moyo.

Mama Kiwele

Marahaba mwanangu. Nakupa ukweli, moyo utakuja baadaye.

Saanen ni mweupe na ngozi yake ni ya waridi. Jua la Bagamoyo linamchoma, na joto linamkatisha hamu ya kula. Asiyekula hakamuliki. Ukanda wenu una kupe waletao ndigana moyo, ugonjwa wa moyo kujaa maji, na sehemu nyingine kuna mbung'o. Mbuzi wa kigeni asiye na mchanganyiko huko unamzika kabla hujamkamua. Kwa joto hilo tafuta chotara, wa Saanen au Toggenburg aliyezaliwa na jike la kienyeji, au Anglo-Nubian, yule mwenye masikio marefu ya kulala, anavumilia joto kuliko wenzake.

Pili, ishirini ni wengi. Anza na wawili wenye mimba. Wawili, kwa sababu mbuzi akiwa peke yake analia mpaka anakonda. Kijana wako akishindwa kwa wawili utajua mapema na kwa hasara ndogo.

Tatu, nenda kachague mwenyewe, tena nenda muda wa kukamua. Nasema hivi kwa maumivu. Mbuzi wangu wa pili nilimnunua mbali, muuzaji akaniambia ni Saanen halisi, na kweli alikuwa mweupe pe. Sikumkamua mbele ya muuzaji. Nilipofika nyumbani upande mmoja wa kiwele ulikuwa mgumu kama kiazi, umekufa siku nyingi. Nilimkamua chuchu moja kwa miaka mitatu. Sasa kabla ya kutoa hela nashika kiwele kwa mikono miwili: kinapaswa kuwa laini na kilegee kikishakamuliwa, kisiwe na uvimbe ndani. Halafu naomba kumwona mama yake. Rangi ya manyoya haikamuliwi.

Fundi Banda

Niongezee kwenye banda, nimejenga mengi Lushoto na Mvomero. Sakafu inuliwe mita 1 hadi 1 na nusu kutoka chini ili samadi itoke kwa reki. Mbao ziachane sentimita 1 na nusu mpaka 2. Ikizidi hapo mguu wa mtoto unazama na kuvunjika, ikipungua kinyesi kinabaki juu. Jike mmoja mpe mita za mraba 1 na nusu walau. Hori liwe nje, mbuzi atoe kichwa tu, maana mbuzi akishakanyaga majani hayali tena hata umsihi. Upande upepo unakotoka ziba mpaka juu. Vichomi vingi vya mbuzi vinaanzia kwenye ukuta ulioachwa wazi upande wa baridi.

Mama Kiwele

Fundi umesema kweli tupu. Na ile samadi ya chini ndiyo inayolisha bustani yangu ya karoti. Kuna majirani wanafuga kwa ajili ya samadi kwanza, maziwa wanayaita nyongeza, na siwezi kuwapinga.

Mgeni wa Songea

Mama mbuzi wangu kazaa mtoto hana pembe, ukimtazama nyuma anaonekana jike lakini kadiri anavyokua anapanda wenzake kama beberu, na chini hapako sawa. Wazee wanasema ni mkosi nimchinje usiku.

Mama Kiwele

Si mkosi, ni urithi. Huyo ni huntha, si jike kamili wala dume kamili. Kwa Saanen, Toggenburg na Alpine kutokuwa na pembe kunakwenda pamoja na tatizo hilo: ukimpandisha jike aliyezaliwa bila pembe kwa beberu aliyezaliwa bila pembe, baadhi ya watoto ambao wangekuwa majike wanatoka huntha. Hatazaa wala hatakamuliwa, mnenepeshe umuuze kwa nyama, mchana kweupe. Kinga yake ni nyepesi: mzazi mmoja awe na pembe. Nasema aliyezaliwa na pembe, hata kama zilichomwa utotoni. Watu wengi wanapenda beberu asiye na pembe kwa sababu ni mpole kumshika, kisha wanashangaa.

Mwalimu wa Nyeri

Salamu kutoka Nyeri, Kenya. Nimefurahi kuona suala la beberu limeanza. Sisi huku tulifunzwa na Wajerumani walioleta Alpine, na chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa Kenya kipo tangu 1994. Wenzetu wa Meru walienda na Toggenburg. Kilichotuokoa ni vitu viwili. Kwanza, daftari: kila mbuzi ana hereni na nambari, na anaandikishwa kulingana na damu, nusu, robo tatu, saba ya nane, mpaka anayehesabiwa kuwa halisi. Pili, beberu ni wa kikundi na hazeeki kwa kikundi kimoja. Kabla binti zake hawajafikia kupandwa, anahamishwa kwa kikundi kingine bondeni na wa kule anakuja. Kikundi kikizembea mwaka mmoja tu, unaanza kuona watoto wadogo, wenye taya fupi, na mabinti wasiofikia mama zao kwa maziwa.

Mama Kiwele

Mwalimu, hapo umegusa kidonda cha Mgeta. Kwetu maziwa hayashuki kwa sababu ya ugonjwa peke yake. Yanashuka kwa sababu kijiji kina beberu mmoja, kila mtu anampenda, na baada ya miaka mitano yeye ni baba, babu na mume wa mbuzi wote wa mteremko ule. Nimeona binti wa jike wa lita 2 akitoa kikombe. Mwenye mbuzi analaumu majani.

Kwa hiyo nina daftari la shule la kurasa 96. Nimeandika tarehe ya kupandwa, jina la beberu na mama yake beberu, tarehe ya kuzaa, na maziwa ya kila Jumapili, asubuhi na jioni. Mimba ni siku 150, hivyo najua lini nimkaushe: miezi miwili kabla ya kuzaa, nisipofanya hivyo anazaa hana dang'a ya kutosha, yale maziwa mazito ya kwanza. Joto la kutaka beberu hurudi kila siku 21. Likikupita leo umepoteza wiki tatu za maziwa ya mwakani. Dalili ni kulia, kutikisa mkia, sehemu za nyuma kuwa nyekundu na zenye ute. Mtamba, yaani jike ambaye hajawahi kuzaa, nampandisha akifika kilo 30 na kuendelea, sitazami umri peke yake.

Mama Mchanga

Dada samahani, mwanangu ana miezi mitano, maziwa ya ng'ombe ya kopo yanamtoa vipele na kuharisha damu. Jirani ameniambia nimpe ya mbuzi, eti ni sawa na ya mama. Naomba msaada.

Mama Kiwele

Mama, tafadhali usimpe. Mimi nayauza maziwa haya na bado nakwambia usimpe. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wanaodhuriwa na moja wanadhuriwa na jingine. Tena yana upungufu wa foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, mtoto mchanga akiyategemea anapungukiwa damu. Chini ya mwaka mmoja ni ziwa lako, na kama halitoshi au umeshaacha, daktari wa watoto ndiye akuchagulie maziwa maalumu. Kuharisha damu si jambo la kungoja wiki ijayo, mpeleke leo.

Nesi wa Zamu

Naunga mkono. Na kwa watu wazima: anayesumbuliwa na tumbo kwa sababu ya sukari ya maziwa asidhani ya mbuzi hayana. Yanayo, pungufu kidogo tu ya ng'ombe. Mtindi ndio humfaa zaidi, kwa kuwa sehemu ya sukari hiyo imeliwa wakati wa kuganda. Na chemsheni jamani. Mbuzi ana ugonjwa wa kutupa mimba unaoingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi, homa inayokuja na kuondoka, viungo vinauma miezi, mtu anatibiwa malaria mara tano.

Mama Kiwele

Asante nesi. Yaliyobaki ni maswali ya inbox kuhusu bidhaa, nayaweka hapa wote waone.

*Kwa nini maziwa ya mbuzi yananuka?* Yakitoka kwenye kiwele hayanuki. Beberu ananuka, na akikaa banda moja na majike harufu yake inahamia kwenye manyoya yao na kwenye ndoo. Mimi beberu simfugi kabisa, nampeleka jike kwake. Kingine ni ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo, maziwa kukaa bila kupozwa, na kuyatikisatikisa yakiwa mabichi kwenye dumu la bodaboda, hapo mafuta yanavunjika na harufu kali inatoka. Mimi nanawa, nafuta kiwele kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kukikausha, matone ya kwanza nayakamulia kwenye kikombe cheusi nitazame kama kuna mabonge, kisha nakamua kwa kubana na si kuvuta. Nachuja kwa kitambaa kilichochemshwa, na sufuria inaingia kwenye maji baridi ya mlimani papo hapo. Ukiona mabonge, uvimbe au joto kwenye kiwele, muite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Akishachomwa dawa, maziwa unayamwaga kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Kumuuzia jirani maziwa ya dawa ni dhuluma.

*Mtindi.* Napasha maziwa mpaka nyuzi 85 na kuyashikilia hapo nusu saa, nikikoroga. Nunueni kipimajoto, kidole hakitoshi. Napoza mpaka 43 au 45, naweka vijiko viwili vya mtindi mzuri usio na sukari kwa kila lita kama mbegu, naufunika kwenye hotipoti saa 6 mpaka 8. Hautasimama imara kama wa ng'ombe, msiukatie tamaa. Maziwa ya mbuzi kwa asili hushika mgando laini, na mbuzi wengi wa Norwe wana upungufu wa ile protini inayoshika, kwa hiyo mimi ninayefuga damu hiyo ndiyo hali yangu. Nikitaka uzito naongeza vijiko viwili vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, au nauchuja kwenye kitambaa usiku kucha. Wateja wangu wa Morogoro mjini wanapenda ule wa kuchuja, wanaula na asali.

*Jibini.* Rahisi kuliko zote ni ya ndimu. Lita 4, pasha mpaka 85, zima moto, mimina maji ya ndimu nusu kikombe kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Yakishatengana acha dakika kumi, mimina kwenye kitambaa, tia chumvi, ning'iniza. Napata nusu kilo hivi, wakati mwingine pungufu. Haiyeyuki kwenye moto, kwa hiyo unaikata vipande na kuikaanga na kitunguu na pilipili hoho. Yale maji yake ya kijanikijani nampa nguruwe wa jirani, na jirani ananipa pumba. Siagi siipendekezi: mafuta ya maziwa ya mbuzi ni vijitone vidogo mno, hayapandi juu upesi, bila mashine ya kutenga krimu utachoka bure.

*Sabuni.* Hii ndiyo inayonilipa kuliko zote, kwa sababu haiozi njiani. Mafuta ya mawese gramu 500, ya nazi 300, ya alizeti 200, kostiki soda gramu 145, maziwa gramu 300. Pima vyote kwa mizani, hata vile vya majimaji, usipime kwa kikombe. Maziwa yagandishwe yawe barafu kwanza, ukimwaga kostiki kwenye maziwa ya kawaida yanaungua, yanakuwa ya kahawia na kunuka. Kostiki ndiyo inayonyunyizwa kwenye maziwa kidogo kidogo, kamwe usimimine maziwa juu ya kostiki, itakurukia. Glavu, miwani, mlango wazi, watoto nje. Sufuria ya aluminiamu hapana, kostiki inaila. Tumia chuma cha pua au plastiki ngumu. Ukishachanganya na mafuta ya uvuguvugu koroga mpaka iwe nzito kama uji, mimina kwenye kisanduku cha mbao, kesho yake au keshokutwa kata, kisha iache kwenye hewa wiki 4 mpaka 6. Anayeuza sabuni ya juzi anauza michubuko.

Binti wa Kilosa

Mama ubarikiwe. Na vibali? Mimi natengeneza mtindi nauza shuleni.

Mama Kiwele

Kwa maziwa ni Bodi ya Maziwa na TBS, Shirika la Viwango, na sabuni pia ni TBS. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwako, wanafundisha ufungashaji na watakuelekeza hatua. Kwa watoto wa shule hasa, usisubiri ulazimishwe.

Kijana wa Mbezi

Mama nimekaa nimetafakari. Nimeamua wawili, na mke wangu amekubali kuhamia shamba. Chanjo je?

Mama Kiwele

Hapo umenifurahisha kwelikweli, na mkeo mpe salamu zangu. Na maziwa yawe mkononi mwake tangu siku ya kwanza, yeye ndiye atakayeamka.

Chanjo mbili usikose: sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ilithibitishwa nchini mwaka 2008 upande wa kaskazini na ikasambaa, na homa ya mapafu ya mbuzi. Afisa mifugo wa kata atakupa ratiba. Mbuzi mpya yeyote mtenge wiki tatu kabla ya kuchangamana. Minyoo usitibu kwa kalenda tu: kila wiki mbili funua kope ya chini ya jicho. Ikiwa nyekundu yuko salama, ikipauka kuelekea weupe minyoo inamnyonya damu, mpe dawa kwa uzito wake. Ukiwapa wote kila mwezi bila kuangalia, dawa itafika mahali haifanyi kazi. Mtoto akizaliwa apate dang'a ndani ya saa chache za kwanza, hata kama ni usiku wa manane na mvua.

Mwalimu wa Nyeri

Mama Kiwele, wewe mwenyewe beberu wa sasa unamtoa wapi, ikiwa wa kijijini amezeeka?

Mama Kiwele

Ndiyo shida niliyo nayo wiki hii, Mwalimu. Tumekubaliana watu sita, tumechanga, tunatafuta dume asiye na undugu na wetu. Upande wa Tchenzema kuna mama ana beberu wa miezi kumi, ana pembe, na mama yake beberu ameandikwa lita 2 kwenye daftari kwa majira mawili mfululizo. Nimemwomba anisomee jina la babu yake kwa simu, halimo kwenye kurasa zangu. Jumamosi napanda kwenda kumwona, nitafika muda wa kukamua.